Droo Nyuma ya Land Cruiser: Hesabu Kabla ya Msumeno

Barabara inayotoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuelekea lango la Naabi Hill, karibu na mpaka wa Serengeti, ina mawimbi ambayo kila dereva wa watalii anayajua kwa mgongo wake. Greda likipita, yanafutika. Magari yakirudi juu yake kwa majuma machache, yanarudi nayo. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha utafiti walioufanya maabarani kwa kuzungusha gurudumu juu ya mchanga, wakaonyesha kwamba mawimbi hayo hujizalia yenyewe mara tu kasi inapopita kiwango fulani kidogo. Hayahitaji dereva mbaya wala springi mbovu. Yatakuwepo maadamu kuna barabara ya vumbi na magari juu yake, na yeyote anayetaka kuweka droo nyuma ya Land Cruiser, Prado au Hilux yake katika Afrika Mashariki inampasa aanzie hapo.

Chukua mawimbi yaliyoachana kwa sentimita 75. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila tairi linapigwa mara 22 kwa sekunde, yaani karibu mara 80,000 kwa saa. Kipigo kimoja hakivunji kitu. Lakini skrubu iliyozama kwenye ukingo wa ubao inasukumwa na kuvutwa mara zote hizo, na kila mara inakula chembe ya mbao inayoizunguka. Fungua droo ya namna hiyo baada ya safari ya siku mbili: utakuta unga wa kahawia umelala chini ya kila kiungo, na skrubu ambayo juzi ilihitaji nguvu ya mkono mzima leo inazunguka kwa kidole. Droo nyingi za kujitengenezea hazifi kwa kuvunjika. Zinalegea, zinaanza kugonga, kisha siku moja mwenyewe anachoka na kelele anazing'oa.

Haja ya droo hata hivyo ni ya kweli. Tangu mfululizo wa 70 ulipoingia sokoni mwaka 1984, Land Cruiser mkonga imebeba timu za chanjo, watafiti wa wanyama, mafundi wa minara ya simu na wasimamizi wa miradi ya maji. Nyuma yake kwa kawaida ni lundo: begi juu ya jeki, jeki juu ya sanduku la vyakula, koleo limelala mshazari juu ya vyote. Pancha ikitokea, lundo lote linashushwa barabarani, wakati mwingine usiku na mvua inanyesha, ndipo spana ya magurudumu ionekane. Mtu aliyepitia hayo hahitaji kushawishiwa. Australia na Afrika Kusini, kwenye safari ndefu za nyika na jangwa, droo za magari zimekuwa biashara kubwa: zinauzwa zikiwa tayari, zinafungwa kwa bolti, unaondoka. Ukiziagiza huku, nauli ya meli na ushuru vinaongezwa juu ya bei ambayo tangu mwanzo haikuwa ya mtu wa kawaida.

Na mkono wa kuzitengeneza tunao. Karakana za Arusha zina miaka mingi zikikata Land Cruiser, zikirefusha chesisi na kuweka paa la kuinuka ili watalii wasimame wapige picha. Keko jijini Dar es Salaam maseremala wanatengeneza makabati kutwa kucha. Mtaa wa Gerezani, jijini humohumo, wanachomelea kitu chochote utakachoweza kuwachorea. Mtu anayeweza kukata gari na kulirudisha barabarani salama hawezi kushindwa na droo mbili. Kinachopungua ni hesabu ya awali, pamoja na maelewano kati ya fundi mbao na fundi chuma, ambao mara nyingi hawajawahi kushika kazi moja. Ninaamini kabisa kwamba droo zilizotengenezwa hapa zinaweza kufaa barabara zetu kuliko za kuagiza, ila kwa mpangilio huu: kwanza uzito, pili namna sanduku linalobeba droo litakavyoshikwa na gari, tatu mahali droo inapoteleza, na mbao iwe ya mwisho. Wengi huanza na mbao.

Tuanze basi na uzito. Kila gari lina kiwango cha juu cha uzito linachoruhusiwa kufika likiwa limejaa. Kimeandikwa kwenye bamba la gari au kwenye kitabu chake. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoweza kupakia, wewe mwenyewe ukiwemo. Kwa magari mengi ya familia ya aina ya Prado ni kilo 600 hivi. Inaonekana nyingi mpaka uanze kuhesabu. Watu watano wa kilo 75 ni 375. Bampa la chuma mbele pamoja na winchi ni kama 90. Keria ya juu, 35. Maji lita 40 ni kilo 40. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kilo 34 bila madumu yenyewe. Umefika 574, na hujaweka begi hata moja, wala hema, wala unga. Droo tupu, kabla hazijabeba kijiko, zitaongeza kilo 60 hadi 90. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye gari liwe hili: utaondoa nini ili droo ziingie? Anayebeba watu watano kila Jumamosi jibu lake huenda likawa kwamba droo hazimfai, na afadhali alijue hilo kabla ya kununua plaiwudi.

Kisha kuna mahali uzito unapokaa. Prado ya mfululizo wa 150 ina sentimita 279 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiweka kilo 100 sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haibebi 100, inabeba kilo 121 na zaidi kidogo, kwa sababu mzigo ulioning'inia nyuma unainyanyua pua ya gari na kuipunguzia mbele kilo 21. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika majani ya miti, matairi ya mbele yanashika kidogo wakati breki zinayahitaji zaidi. Droo kwa maumbile yake huvutia vitu vizito mlangoni, maana ndipo mkono unapofika kwa urahisi. Dawa yake ni kuliacha sanduku la droo liwe fupi kidogo kuliko nafasi iliyopo, na pengo linalobaki kati yake na mgongo wa viti vya nyuma liwe la maji, betri ya pili na vifaa vizito visivyoguswa kila siku. Pengo hilo la sentimita 20 au 25, karibu na ekseli na chini kabisa, ndiyo sehemu bora ya kubebea uzito katika gari zima, na watu huiziba kwa mbao tupu.

Sasa tuje kwenye namna sanduku linavyoshikwa na gari. Jambo hili ningependa lisomwe polepole, kwa sababu hapa droo mbovu inaweza kuua. Gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kigumu na kusimama ndani ya sentimita 60, kila kilichomo kinapata msukumo wa wastani wa mara 16 ya uzito wake. Sanduku na vitu vyake, tuseme kilo 150, linavuta kwenda mbele kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu. Mbele yake wamekaa watoto. Skrubu za bati zilizopigwa kwenye sakafu ya gari zitang'oka zote kwa pamoja, kwa kuwa bati la sakafu ni jembamba na halikutengenezwa kushikilia mzigo wa aina hiyo. Bolti ya M8 yenye alama ya 8.8 kichwani inaweza kuvutwa kwa zaidi ya tani mbili bila kubaki imerefuka, hivyo nne zinatosha, ila nguvu ya bolti haina maana kama chuma inachokishika ni karatasi.

Kwa bahati nzuri watengenezaji wa magari wameshatuwekea mahali pa kushika. Viti vya mstari wa tatu vikiondolewa vinaacha matundu yenye nati zilizochomelewa kiwandani, na zile pete za kufungia mizigo pembeni mwa sakafu nazo zina bolti imara chini yake. Sanduku lifungwe hapo kwa vipande vya flati baa vyenye unene wa milimita 4 au 5. Ikilazimu kutoboa sakafu, mtu alale kwanza chini ya gari na tochi, aone tanki la mafuta liko wapi, bomba la breki linapita wapi, waya zinakwenda wapi. Kisha chini ya kila tundu iwekwe sahani ya chuma ya angalau sentimita nane kwa nane ili nguvu isambae. Tundu lipakwe rangi mara moja, la sivyo kutu itamaliza kazi ambayo ajali haikuifanya.

Lipo jambo jingine ambalo nimeliona likisahauliwa hata na mafundi wazuri. Ili kuokoa mbao, upande wa mbele wa sanduku, ule unaotazama viti, huachwa wazi. Sanduku limefungwa kwa bolti nne, sawa, lakini droo iliyomo ina kilo 50, na wakati wa kugonga itakwenda mbele kwa nguvu ya kilo 800 bila kizuizi isipokuwa reli zake. Ukuta huo wa mbele uwepo, uwe umeungwa vizuri, na ikiwezekana uwe na mkanda wa chuma nyuma yake. Vivyo hivyo juu ya sanduku: ukishapata jukwaa zuri tambarare, utaanza kupanga mabegi na friji juu yake, na sasa vitu hivyo viko usawa wa vichwa vya watu. Wavu wa chuma kati ya viti na mizigo, ambao fundi chuma yeyote anaweza kuuchomelea, si anasa.

Droo ikivutwa nje nayo ina nguvu zake. Droo ya kilo 60 iliyotoka hadi kitovu cha uzito wake kikawa sentimita 30 nje ya ukingo wa sanduku inataka kulipindua sanduku kwa nyuma. Kama sanduku lina urefu wa sentimita 90, bolti za mbele zinavutwa juu kwa kilo 20 hivi. Si nyingi, ila anayeliegemeza sanduku kwa uzito wake tu bila kulifunga atashangaa siku atakayokanyaga droo iliyo wazi ili afike kwenye keria. Na watu watakanyaga.

Tumefika kwenye kuteleza, na hapa mabishano ni mengi. Njia tatu zinatumika. Ya kwanza ni reli za dukani zenye golori ndani, za aina ile ya makabati ya ofisini ila nzito zaidi, zilizoandikwa kilo 100 au hata 200 kwa jozi. Zinateleza vizuri sana dukani. Tatizo ni kwamba uzito ulioandikwa umepimwa kwenye kabati lililosimama tuli, na golori zile zina nafasi ya kuchezacheza. Vumbi la majivu ya volkano la nyanda za Ngorongoro, jembamba kuliko unga wa muhogo, likikutana na grisi ndani ya reli linakuwa msasa. Tena reli hizo hazivumilii upungufu wa vipimo: zile za kawaida zinataka pengo la milimita 12.7 kila upande, na droo ikipinda milimita mbili tu zinagoma. Anayezitumia asizipake grisi ya gari. Azisafishe kwa upepo wa kompresa na kutumia mafuta makavu ya kupuliza.

Ya pili ni beringi. Fundi anafunga beringi ndogo, kama 608 yenye tundu la milimita 8 au 6201 yenye tundu la milimita 12, mbili au tatu kila upande mdomoni mwa sanduku na nyingine nyuma ya droo, ili droo itembee juu yake ndani ya chuma cha pembe. Beringi zenye mpira pande zote mbili hazipitishi vumbi kirahisi, zinapatikana katika kila duka la spea kuanzia Kariakoo hadi Kisangani, na ikiharibika moja unabadilisha hiyo moja kwa bei ya soda chache. Sifa hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa kwangu. Kifaa ambacho hakiwezi kurekebishwa mahali kilipoharibikia, katika nchi zetu, ni kifaa cha mjini.

Ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayejenga kwa mara ya kwanza: hakuna reli wala beringi. Chini ya droo kunabandikwa vipande virefu vya plastiki ngumu, ile inayotengenezewa mbao za kukatia nyama, na droo inateleza moja kwa moja juu ya sakafu laini ya sanduku. Droo ya kilo 50 itahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo 12 hivi, ambapo ya beringi ingetaka kilo moja au mbili. Mtu mzima anaiweza bila shida. Na msuguano huo una faida yake: gari likiegeshwa kwenye mteremko wa nyuzi 15, droo ya beringi yenye kilo 50 inasukumwa na kilo 13 kumrukia anayefungua komeo, lakini ya plastiki hukaa ilipo au husogea taratibu. Haina kinachojaa vumbi, haina kinachogongana. Ubaya wake ni kwamba haitoki nje yote. Theluthi moja lazima ibaki ndani ili isianguke, kwa hiyo vitu vya nyuma kabisa utavifikia kwa kuinama. Kwa friji, ambayo lazima itoke yote ili kifuniko kifunguke, hapo lipa gharama ya reli nzito za kweli, zenye komeo linaloshika ikiwa ndani na ikiwa nje.

Komeo la droo zenyewe lisiwe kitasa cha kabati la nguo. Mawimbi yatakifungua kabla ya kufika Naabi Hill. Komeo la kusukuma lenye springi, lile la milango ya matrela, au hata pini ya chuma inayopita sanduku na droo kwa pamoja, vinatosha.

Sasa mbao. Shiti ya plaiwudi ni sentimita 244 kwa 122. Kwa plaiwudi za kawaida, zenye kama kilo 600 kwa mita ya ujazo, shiti ya milimita 18 ina kilo 32, ya 12 ina 21, ya 9 ina 16. Seremala aliyezoea makabati atachukua ya 18 bila kufikiri, maana kabati zito ndilo kabati zuri. Sanduku lenye droo mbili hula mita za mraba nane hivi za ubao: kwa milimita 18 ni kilo 86, kwa milimita 12 ni 58. Tofauti ya kilo 28 ni mtoto wa shule ya msingi. Milimita 12 inatosha kwa kuta na jukwaa la juu iwapo kuna ukuta wa katikati unaolishikilia. Sakafu za droo zinaweza kuwa za 9.

Kuhusu aina, MDF na chipubodi zisikaribie gari. Zinavimba kwa unyevu, na skrubu ikishatoka mara moja hairudi. Plaiwudi za Mafinga, zinazotokana na misindano na mikaratusi ya Mufindi, ukanda wa shamba kubwa la miti la Sao Hill, zinafaa ukichagua. Zile nyeusi au za kahawia za kumwagia zege, ambazo madukani huitwa marini, zina uso usiopitisha maji na usiochubuka upesi, ila ni nzito zaidi na kingo zake zikikatwa zinakunywa maji kama nyingine yoyote. Usiangalie uso wa shiti, angalia ukingo. Ukiona matundu kati ya tabaka, hapo ndipo skrubu yako itakaposhika hewa. Omba kipande, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa: gundi mbaya itaachia na tabaka zitafunguka. Muuzaji anayekataa kukupa kipande cha ukubwa wa kiganja amekujibu tayari.

Unyevu ni habari ya kweli kwa gari linalozunguka nchi. Droo iliyobana vizuri Dodoma mwezi wa Septemba itakataa kutoka Tanga wakati wa masika. Acha milimita tatu kila upande, na kila ukingo uliokatwa upakwe vanishi mara mbili kabla ya kuungwa, hata ule ambao hautaonekana.

Kuunga kwenyewe kuna kanuni moja: gundi ndiyo inayobeba, skrubu inashika tu mpaka gundi ikauke. Tumia gundi isiyoogopa maji, na usitegemee skrubu kwenye ukingo wa ubao wa milimita 12. Weka kipande cha mbao ngumu au chuma cha pembe ndani ya kila kona, kisha bolti zipite ubao mzima zikutane na nati zenye nailoni ndani, ambazo hazifunguki kwa mtikisiko. Ila kwa mazingira yetu naona kuna njia iliyo bora zaidi, nayo ni kuwaweka wale mafundi wawili pamoja. Fundi chuma achomelee fremu ya bomba la mraba, skwea paipu ya milimita 25 yenye unene wa 1.5. Mita moja ina kilo 1.1, fremu nzima ya mita 12 ina kilo 13. Fundi mbao avalishe fremu hiyo kwa plaiwudi nyembamba, ambayo sasa kazi yake ni kufunika tu. Bolti za kushika gari zinapita kwenye chuma, reli au beringi zinakaa kwenye chuma, na mawimbi yanakutana na kitu ambacho hakisagiki kuwa unga. Alumini ni nyepesi mara tatu kwa ujazo uleule, lakini ikichomelewa inadhoofika kando ya mshono na inapasuka kwa kuchoka. Anayeitaka aiunge kwa bolti na ribiti, akitumia sahani za kona.

Vipimo vichukuliwe ndani ya gari lenyewe, kamwe visikaririwe. Ndani ya gari ni pana kuliko mlangoni, na sanduku linalotosha ndani huenda lisipite mlangoni. Mlango wa Prado unaofunguka kando, hata ukiachwa wazi, una bawaba na mpira vinavyokula nafasi ya droo. Sehemu ya juu ya magurudumu, yenye mviringo wake, fundi mwenye subira huichukua kwa boksi: anasimamisha kipande cha katoni wima, anashika penseli iliyobanwa kwenye kijiti cha sentimita mbili, anakitembeza kijiti kikifuata bati, na penseli inachora umbo lilelile upande wa pili. Anakata, anajaribu, anapunguza, anajaribu tena. Boksi moja la bure linaokoa shiti nzima ya plaiwudi.

Kina cha droo kiwe kidogo kuliko unavyotamani. Kopo la oili la lita tano linahitaji sentimita 30 hivi. Zaidi ya hapo droo inageuka kuwa lile lundo la zamani lenye mfuniko. Jeki, spana ya magurudumu, koleo na sanduku la huduma ya kwanza visiwe ndani ya droo hata kidogo. Gari likizama tope huku mkia umegusa ukingo wa mtaro, mlango wa nyuma hautafunguka, na droo inataka nafasi ya mita nzima nyuma ya gari. Viwekwe mahali vinapofikiwa kupitia mlango wa abiria. Mtungi wa gesi na petroli visikae ndani ya sanduku lililofungwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini humohumo, karibu na waya za friji.

Vumbi litaingia hata ukifanya yote sawa, kwa sababu gari linapokimbia hewa ya nyuma yake inakuwa na msukumo mdogo na vumbi linazunguka mlangoni likitafuta upenyo. Kubadilisha mpira wa mlango wa nyuma kunasaidia kuliko kuzibaziba droo moja moja. Feni ya gari ikiwashwa kwa kuingiza hewa ya nje, madirisha yamefungwa, hewa ya ndani inasukuma kutoka badala ya kuvuta.

Hoja ninayoiheshimu dhidi ya haya yote ni ya masanduku. Masanduku manne ya plastiki yenye vifuniko, yaliyofungwa kwa mikanda kwenye pete za sakafu, hayafiki kilo 15, yanashushwa na kuingizwa nyumbani, na gari linarudi kuwa la kubebea mgonjwa au mifuko ya saruji. Katika nchi ambazo gari moja ni la ukoo mzima, hilo ni jambo zito. Ndiyo maana droo nazo lazima ziwe za kung'oka: bolti nne, watu wawili, nusu saa. Sanduku lililogundishwa au kuchomelewa kwenye gari limelipunguzia gari kazi. Kwa dereva wa safari, mtafiti au fundi anayefungua nyuma mara ishirini kwa siku, droo zinashinda masanduku bila ubishi, kwa kuwa hatapanga upya kila anapotafuta kitu cha chini. Kwa anayesafiri kwenda kijijini Krismasi na Pasaka, masanduku yanatosha.

Anayejenga, akimaliza, apakie gari kama anavyopakia siku ya safari, watu wakiwemo, aende kwenye mizani ya magari; viwanda vingi, machimbo ya kokoto na wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wanayo. Apime ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Namba hizo alinganishe na za kitabu cha gari kabla ya kukimbilia springi nzito, maana springi inanyanyua mkia lakini haiongezi kiwango cha uzito kinachoruhusiwa. Kisha aendeshe kilomita mia mbili za vumbi, asimame, azipitie bolti zote kwa spana. Zilizolegea azifungue, atie gundi ya nati, akaze. Zilizobaki azichore mstari wa rangi unaovuka kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bati, ili safari inayofuata jicho lione mara moja ipi imezunguka.